Baiskeli ya Milimani Malindi: Uliza Maji, Upepo na Udongo Kabla ya Kuuliza Njia

Anayenunua baiskeli ya milimani hapa Malindi huulizwa na majirani swali moja: milima utaipata wapi? Swali ni la haki, kwa kuwa mji wetu umelala bapa kando ya bahari, na mwinuko wa maana haupatikani mpaka uvuke Sabaki na kuelekea Magarini. Lakini jina la baiskeli hii hupotosha watu. Katika miji mikubwa ya Ulaya iliyo na mifereji ya zamani, kwa mfano Birmingham nchini Uingereza, wengi wa waendeshaji wake hawapandi mlima wowote. Hufuata kingo za mifereji, zilizokuwa njia za farasi wakivuta mashua za mizigo, kisha huingia katika bustani na misitu iliyo pembezoni mwa mji. Wanachotafuta ni njia isiyo na magari, iliyo karibu na maji na miti, wakiwa na tairi pana zinazoweza kuhimili udongo na mawe. Hayo yote sisi tunayo: Mto Sabaki, ufuo mrefu, mikoko ya ghuba ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Tofauti ni kwamba njia ya kando ya mfereji haibadiliki, ilhali njia zetu hubadilika kila saa. Ufuo unaoupita asubuhi kama lami huwa bahari tupu alasiri, na kijia cha mtoni kilichokuwa kikavu Jumanne hugeuka uji Alhamisi. Kwa sababu hiyo mwongozo huu hauanzii kwenye ramani.

Saa ya maji

Jambo la kwanza la kujifunza si gia wala breki, bali ni saa ya maji. Bahari hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku moja mbili zinazofuata, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kufikia mita 3 na zaidi, na hapo ndipo ufuo mpana wenye mchanga uliolowa na kukazana hujitandaza kwa ajili ya tairi. Ni bahati ya mwendeshaji kwamba katika pwani yetu maji ya bamvua hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, kabla jua halijawa kali kupita kiasi. Wiki moja baadaye mambo hupinduka: ni siku za maji mafu, bahari haipwi sana wala haijai sana, na saa zile zile za asubuhi ndizo ambazo maji yamepanda. Siku hizo uachie ufuo wavuvi, uende msituni.

Kanuni ninayoifuata ni kuondoka saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, na kugeuza baiskeli pindi maji yanapogeuka. Ukifanya hivyo unapata saa nne za mchanga mgumu, mbili za kwenda na mbili za kurudi. Mvuvi yeyote utakayemkuta ufuoni atakuambia saa ya maji bila kutazama karatasi, na atafurahi kuulizwa; ukipenda karatasi, majedwali ya kupwa na kujaa huchapishwa kila mwaka, na yamo pia katika programu za simu.

Niliwahi kuipuuza kanuni hii mwenyewe. Tulikuwa watatu, tumekwisha kupita Mambrui kuelekea kaskazini, na ufuo ulikuwa mzuri kiasi kwamba kila mmoja alisema tusonge hadi pale mbele. Maji yalipogeuka tulibaki na ukanda mwembamba wa mchanga mkavu chini ya matuta, mchanga ambao hata mtu wa miguu huuhesabia hatua. Tulizisukuma baiskeli, kisha tukazibeba begani, na njia ya nusu saa ikatuchukua muda wa kutoka adhuhuri hadi karibu na alasiri. Hakuna aliyeumia ila heshima yetu, na minyororo ya baiskeli ilikuwa imeshiba mchanga wa chumvi.

Upepo huchagua upande

Baada ya maji, uliza upepo. Kuanzia mwezi wa Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba hutawala kusi, utokao kusini na kusini-mashariki. Kuanzia Desemba hadi Machi hutawala kaskazi, utokao kaskazini-mashariki. Na kati ya misimu hiyo huja matlai, upepo mwanana wa mashariki, ambao mwendeshaji hana sababu ya kuulalamikia. Upepo wa bahari huongeza nguvu kadiri jua linavyopanda, na kwenye ufuo hakuna mti wala ukuta wa kukukinga.

Kanuni ni ile ile ya kila mwenye baiskeli: toka ukiukabili upepo ukiwa na nguvu zako, rudi ukisukumwa nao ukiwa umechoka. Kwa Malindi maana yake ni kwamba wakati wa kusi unaelekea kusini, upande wa Mayungu na Watamu, na wakati wa kaskazi unaelekea kaskazini, upande wa Sabaki na Mambrui. Nimewaona wageni wakifanya kinyume mwezi wa Julai: wanaruka kama mishale hadi Mambrui, wanakula mahamri kwa furaha, kisha wanarudi wameinama juu ya usukani kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Miezi ninayoipenda ni kuanzia mwisho wa Julai hadi Septemba, ambapo masika yamekwisha, ardhi imekauka na hewa ni ya ubaridi kidogo. Januari na Februari ni kavu pia, lakini joto ni jingi, na safari lazima iwe imekwisha kufikia saa tano. Mei usijisumbue.

Udongo wa namna nne

Malindi na viunga vyake vina udongo wa namna nne ambao kila mmoja unataka mkono wake. Wa kwanza ni mchanga mweupe laini, unaopatikana katika njia za nyuma ya ufuo na katika sehemu ya msitu inayomea mirihi. Hapa punguza upepo wa tairi. Kwa tairi yenye upana wa inchi 2.2 hivi, ambayo kwenye barabara ngumu ungeijaza paundi 35, shusha hadi karibu 22, au ukiwa huna kipimo, hadi kidole gumba kiweze kuibonyeza kidogo bila shida. Weka gia nyepesi, kaa nyuma kidogo ya kiti ili gurudumu la mbele liwe jepesi, tazama mbali mbele yako, na uendelee kukanyaga kwa mwendo mmoja. Kosa la kila anayeanza ni kukata usukani ghafla gurudumu linapoyumba. Mchanga haupendi kubishana: ukiuacha usukani uchezecheze kidogo mikononi, baiskeli itajitafutia njia yenyewe.

Wa pili ni jiwe la matumbawe, lililo wazi katika njia nyingi za kusini, Mayungu hadi Watamu na karibu na Mida. Hili ni kinyume cha mchanga. Ukilipanda na tairi uliyoipunguzia upepo, tyubu hubanwa kati ya rimu na jiwe na kutoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Kwa hiyo anayepita njia inayochanganya mchanga na matumbawe hana budi kusimama na kujaza upya, jambo ambalo wengi huona uvivu kulifanya, kisha wakalazimika kusimama kwa muda mrefu zaidi.

Wa tatu ni udongo mwekundu wa Magarini, unaouona pia katika sehemu za ndani za Arabuko-Sokoke. Ukiwa mkavu ndio udongo bora kuliko wote, mgumu na wenye kushika tairi, isipokuwa vumbi lake halitoki katika nguo nyeupe. Mvua ikinyesha huteleza kama sabuni kwa siku moja, kisha hurudi katika hali yake.

Wa nne ni udongo wa mfinyanzi wa bonde la Sabaki, ambao mto huuleta kila unapofurika. Huu usiujaribu baada ya mvua. Hunata katika tairi, huziba nafasi kati ya tairi na fremu, na baiskeli husimama kama iliyofungwa breki. Ngoja siku mbili tatu za jua, nao utapasuka na kuwa mgumu.

Baiskeli yenyewe, na fundi wake

Baiskeli nyingi za milimani zinazouzwa mjini ni za mtumba, na nyingi ni nzuri kuliko mpya za bei rahisi. Kabla ya kulipa, geuza baiskeli juu chini, zungusha magurudumu na utazame kama rimu inayumba. Shika pedeli na uisukume kushoto na kulia kusikia kama inacheza. Kagua fremu pale vyuma vinapounganishwa, kwa sababu ufa huanzia hapo. Kisha jiulize swali ambalo mtu wa Birmingham hana haja ya kujiuliza: fundi wa mtaani kwangu anaweza kuitengeneza? Mafundi wetu wamekulia katika baiskeli nyeusi za mizigo, na ni hodari wa spoku, mnyororo na breki za waya. Breki za mafuta ni bora kwa nguvu, lakini zikivuja Malindi utasubiri kipuri kutoka Mombasa au Nairobi. Ushauri wangu ni breki za diski zinazovutwa kwa waya: mchanga hauzili rimu kama unavyofanya kwa breki za mipira, na fundi yeyote anaweza kubadilisha waya.

Chagua pia tyubu zenye valvu nene kama ya pikipiki, ili uweze kujaza upepo popote penye pampu ya bodaboda. Kwenye kituo cha mafuta uwe mwangalifu: mashine ile ilitengenezwa kwa ajili ya gari, na tyubu ya baiskeli hupasuka kabla hujaondoa mkono.

Nilipokuwa bado sina yangu nilikodi baiskeli kwa mtu mmoja mjini, nikalipa siku nzima, na breki ya nyuma ikakatika njia ya kwanza ya kuteremka. Tangu siku ile, baiskeli ya kukodi huijaribu hapo hapo mbele ya mwenyewe: napanda, nakimbia hatua ishirini, nafunga breki zote mbili kwa nguvu, kisha ndipo natoa pesa.

Adui mkubwa wa tairi katika nchi hii ni mwiba, hasa wa mbigiri, ule unaotambaa chini na kutoa mbegu zenye pembe, na ule wa migunga iliyo kando ya mto. Beba tyubu mbili za akiba, pampu, vijiti vya kung'olea tairi, viraka, gundi na kipande cha msasa. Ukitoboka, badilisha tyubu njiani na uzibe ile mbovu nyumbani. Lakini kabla ya kutia tyubu mpya, pitisha vidole polepole ndani ya tairi yote, kwani mwiba uliotoboa ya kwanza kwa kawaida bado umo humo ukiisubiri ya pili. Unapoziba, sugua kwa msasa hadi mpira upoteze mng'ao, paka gundi, kisha ngoja hadi gundi ikauke na isinate kidoleni ndipo ubandike kiraka. Wengi hubandika gundi ikiwa mbichi na kulaumu kiraka. Ipo pia dawa ya maji ya kuziba tairi, itiwayo ndani ya tyubu kupitia valvu. Kwa mwiba mdogo inafaa, na siku hizi sitoki kwenda mtoni bila hiyo.

Mavazi yasiwe mafupi. Hili si suala la heshima tu, ingawa nalo lipo. Vijia vingi hupita katika vichaka vyenye upupu, na aliyewahi kuguswa na upupu mikono ikiwa wazi hahitaji kuelezwa. Mikono mirefu ya kitambaa chepesi, suruali iliyobana chini ili isiingie katika mnyororo, kofia ngumu, na miwani kwa ajili ya vumbi na mchanga wa upepo. Maji ni angalau nusu lita kwa kila saa, na karibu lita nzima wakati wa kaskazi. Dafu ni msaada mkubwa njiani, lakini usilitegemee: penye minazi pana wakwezi asubuhi, si kila saa.

Kando ya Sabaki

Kwa anayeanza, safari ya kwanza iwe ya Sabaki. Mto huu huanza mbali barani ukiitwa Athi, hupita Tsavo ukiitwa Galana, na hufika kwetu ukiwa Sabaki. Una urefu wa kilomita 390 hivi na ni wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana. Hufika umebeba udongo mwingi, na ndiyo maana bahari ya Malindi huwa ya rangi ya chai ya maziwa baada ya mvua za bara.

Toka mjini mapema, alfajiri ikishakucha, ufuate barabara kuu ya kaskazini hadi darajani. Kipande hiki cha lami ndicho kibaya kuliko vyote katika safari, kwa sababu ya matatu na malori ya chumvi yanayotoka Gongoni. Kaa kushoto kabisa, uwe na taa nyekundu nyuma hata mchana, na lori likikukaribia huku jingine likija mbele, toka barabarani bila kuona haya. Ukivuka daraja utaona vijia vinavyoshuka kwenye mashamba ya kando ya mto, ambamo wakulima huvuta maji kwa pampu na kuyagawa kwa mifereji midogo hadi kwenye matuta ya mboga na mahindi. Kingo za mashamba haya ndizo mfereji wetu. Zipite polepole, usikanyage tuta, na usivuke mfereji wa udongo juu ya baiskeli, kwa maana tairi moja hubomoa kazi ya asubuhi nzima. Ukimkuta mtu shambani, shuka, msalimu, mwombe njia. Akiwa ni mtu mzima muite mzee au mama, na kama unajua salamu ya Kigiriama, hata kwa lafudhi mbovu, itumie.

Katika mlango wa mto kuna ndege wengi wa majini, wakiwemo heroe baadhi ya misimu, na kuna viboko na mamba. Baiskeli ni kitu kimya, na huo ndio ubaya wake: unaweza kumfikia mnyama kabla hajakusikia. Asubuhi mapema na jioni viboko huwa nchi kavu wakirudi au wakitoka malishoni, kwa hiyo usipite katikati ya kiboko na maji, na mahali penye majani marefu piga kengele au zungumza kwa sauti. Usioshe baiskeli wala miguu mtoni, hata kama matope yamekujaa hadi magotini. Usijaribu pia kuvuka mlango wa mto kwa miguu wakati maji yamepwa ati kwa sababu unauona mchanga wa ng'ambo, daraja lipo.

Kutoka Sabaki hadi Mambrui waweza kushuka ufuoni, maji yakiruhusu, na kuufuata hadi unapouona mji. Mambrui ni mji wa Waswahili wa tangu zamani, wenye misikiti na kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za kauri kutoka China. Ukiingia, ingia kwa mwendo wa mguu. Siku ya Ijumaa karibu na saa saba usikatize mbele ya msikiti ukiwa juu ya baiskeli. Kaa kivulini, agiza chai na viazi karai, ngoja watu watoke.

Zaidi ya hapo, upande wa Gongoni na Marereni, yako mashamba ya chumvi, na huko ndiko kuliko na mifereji halisi, iliyochimbwa ili kuingiza maji ya bahari katika mabwawa ya kukaushia. Tuta zake ni ndefu, bapa na nyoofu, na kila mwendeshaji anayeziona hutamani kuzipanda. Ni mali za watu na zina walinzi, kwa hiyo omba ruhusa langoni; ukikataliwa, geuka kwa adabu.

Mida na Arabuko-Sokoke

Upande wa kusini unahitaji siku nzima. Gede iko umbali wa kilomita 15 hivi, na lami ya kwenda huko haina raha. Watu wawili wakishirikiana wanaweza kupakia baiskeli juu ya matatu, au waondoke alfajiri kwa njia ya Casuarina na Mayungu, ambayo ni ya mchanga na matumbawe lakini haina malori.

Magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17 na ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, hayapandwi baiskeli; iache langoni, uzunguke kwa miguu. Kituo cha msitu hakiko mbali na njiapanda, ukiifuata barabara ya Mombasa.

Arabuko-Sokoke una eneo la kilomita za mraba zipatazo 420 na ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa mwendeshaji uzuri wake ni kwamba ndani ya asubuhi moja unapita nchi tatu: msitu mchanganyiko wenye kivuli kizito, kisha mirihi mirefu iliyoachana juu ya mchanga mweupe, kisha vichaka vilivyosongamana juu ya udongo mwekundu. Huhitaji mtu kukuambia umefika wapi, kwani miguu itakueleza: kwenye mirihi unahema, kwenye udongo mwekundu unateleza bila jasho. Huko ndani anaishi sange mwenye makalio ya dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu ambaye ngome yake kuu ni msitu huu, na bundi mdogo wa Sokoke, ambaye hutamwona bila kuongozwa na mtu anayejua mti anaolala.

Kwa hiyo chukua kiongozi. Sisemi hivi kwa ajili ya bundi tu. Msitu una ndovu, njia zake hufanana, na kiongozi husoma kinyesi na nyayo kama sisi tunavyosoma gazeti: kinyesi chenye moshi wa asubuhi maana yake ni kugeuka, kilichokauka ni kuendelea. Eleza mapema langoni kwamba mko na baiskeli, uliza ni njia zipi zimefunguliwa siku hiyo, na uwe na simu yenye chaji, kwa kuwa ada nyingi za serikali siku hizi hulipwa kupitia eCitizen, na noti zako hazitapokewa. Ndani ya msitu msikimbizane; aliye mbele asizidi umbali wa kusikika, na mkimwona ndovu, simameni, msipige kelele, rudini nyuma mkiwa mmeshuka. Usimpite kwa kasi ukidhani gurudumu ni bora kuliko miguu yake. Kwenye mchanga mweupe, si bora.

Mida nitaisema kwa ufupi, maana ni mahali pa kupumzikia zaidi kuliko pa kuendeshea. Njia za kuzunguka ghuba kutoka kijiji hadi kijiji ni tambarare na zinapendeza, lakini zikifika kwenye mikoko, baiskeli ikome hapo. Matope ya mikoko hula gurudumu hadi ekseli, na mizizi ya mchu iliyosimama kama penseli huvunjika chini ya tairi, nayo ndiyo pumzi ya mti. Tembea juu ya daraja la mbao, kula samaki, ngoja upepo upungue.

Njia ya Marafa, kwenye korongo liitwalo Nyari, ni ya waliokwisha kuzoea. Ni kilomita 30 na zaidi kwenda tu, kuna miinuko ya kweli ya Magarini, na kivuli ni kidogo. Korongo hupendeza zaidi jua linaposhuka, wakati kuta zake zinapokuwa nyekundu na za rangi ya machungwa, na huo ni wakati mbaya wa kuanza kurudi. Ama ulale huko, ama uagize pikapu ije kuwachukua. Magharibi huingia haraka, na barabara ya daraja la Sabaki usiku si ya baiskeli.

Ukifika nyumbani

Kazi ambayo wengi huiacha hadi kesho ndiyo inayoua baiskeli Malindi. Chumvi haingoji kesho. Mwaga maji kwa kopo kutoka juu kwenda chini, usipige kwa mpira wenye nguvu, kwa sababu nguvu husukuma mchanga ndani ya beringi. Ndoo moja inatosha. Yatazame maji yenyewe kwanza: visima vingi vya karibu na bahari vina chumvichumvi, na kuosha chumvi kwa maji ya chumvi ni kazi bure. Tumia ya bomba, au ya mvua kama umekinga. Sugua mnyororo kwa mswaki mkuukuu, upanguse kwa kitambaa hadi usikie umekauka, kisha tia tone moja la mafuta kwenye kila kiungo huku ukizungusha pedeli kinyumenyume, na upanguse tena yale yaliyobaki nje, kwa maana mafuta ya nje kazi yake ni kukusanya mchanga. Mafuta ya cherehani ni mepesi mno na huisha safari moja; mafuta machafu ya injini, ambayo mafundi wengi huyapaka kwa moyo mkunjufu, yamebeba vumbi la chuma na husaga meno ya gia. Nunua kichupa cha mafuta ya mnyororo, kitakufaa miezi. Ukimaliza, iweke baiskeli ndani, mbali na dirisha linaloelekea baharini.